Mzinga Uliokokotwa Mpaka Mwanza

Siku hizi mtu akikwambia amepigwa mzinga, usikimbilie kumpa pole ya vita. Ana maana kwamba jamaa fulani amemkamata njiani akamwomba fedha, na pengine ametoa. Juma hili, hata hivyo, mzinga ninaotaka kuuzungumza ni ule wenyewe, wa chuma na baruti.

Chanzo chake ni ubishi. Nilikuwa Usagara, pale njia panda, ambapo magari ya Shinyanga yanaachana na yale yanayokwenda Kigongo. Nikisubiri usafiri wa kurudi mjini, nikawasikia vijana wawili wakibishana kwa sauti ya kutosha soko zima. Mmoja alisema mzinga mkubwa kuliko yote duniani ulikuwa wa Hitler. Mwingine akaapa kwamba ulikuwa wa Saddam Hussein. Mzee mmoja aliyekuwa akimenya miwa kando yao akadakia bila kuinua kichwa: "Mkubwa ni ule Wadachi walioukokota mpaka Mwanza." Vijana wakacheka sana. Na mimi nilicheka kidogo, nakiri. Nilipofika nyumbani nikaanza kufukua vitabu vyangu, na kicheko kikanitoka.

Tuanze na vijana, maana nao hawakuwa wakipiga porojo tupu.

Mzinga wa Hitler ulikuwapo kweli. Ulitengenezwa na kiwanda cha Krupp, ukaitwa Gustav. Kipenyo cha mdomo wake kilikuwa sentimeta 80, yaani mtoto wa chekechea angeweza kujikunyata humo ndani na kulala. Mtutu wake ulizidi meta 32. Mzinga mzima ulikuwa na uzito wa tani 1,350 hivi, na haukuweza kukaa juu ya reli moja. Ilibidi zitandikwe njia mbili za reli sambamba ili uweze kusogea. Kombora lake la kutoboa zege lilikuwa na uzito wa tani 7, kama lori zima likiwa na shehena yake. Ulipelekwa Sevastopol, kwenye Bahari Nyeusi, na mwezi Juni 1942 ukapiga. Ulipiga makombora mangapi? Hayakufika hata 50. Maelfu ya watu walichimba, wakatandika reli, wakafunga vyuma kwa majuma kadhaa, halafu kazi yenyewe ikawa hiyo. Baada ya hapo ukafunguliwa vipande vipande ukarudishwa, na haukupata tena kazi ya maana mpaka vita ikaisha.

Wa Saddam ni hadithi nyingine. Fundi wake alikuwa Mkanada aitwaye Gerald Bull, bingwa wa mizinga ya masafa marefu. Alichora mzinga wenye mtutu wa meta 156 na mdomo wa meta moja. Mwezi Machi 1990 Bull aliuawa kwa risasi mlangoni pa nyumba yake mjini Brussels. Mwezi uliofuata maofisa wa forodha wa Uingereza wakazuia bandarini mabomba makubwa ya chuma yaliyoandikwa kwamba ni ya kiwanda cha mafuta. Mzinga ule mkubwa haukuwahi kupiga hata mara moja. Kwa hiyo kijana wa pili ameshindwa, isipokuwa kama tunahesabu michoro.

Na kama kipimo ni upana wa mdomo peke yake, wote wawili wameshindwa na Warusi. Pale Moscow, ndani ya Kremlin, upo mzinga uliosubuliwa mwaka 1586 wenye mdomo wa sentimeta 89 na uzito wa tani 39 hivi. Watalii hupiga picha mbele yake. Vitani haujapata kutumika.

Kama kipimo ni umbali, basi tuuendee mzinga ambao Wajerumani waliupigia Paris mwaka 1918. Huo ulirusha kombora la kilo mia na ushei umbali wa kilometa 120 na zaidi. Ungekuwa umewekwa hapa Mwanza, kwa mstari wa ndege kombora lingekaribia kuangukia Shinyanga mjini. Baruti yake ilikuwa kali mno hata kila kombora lilipopita lilikula chuma cha mtutu, na tundu likapanuka. Ikabidi makombora yatengenezwe kwa namba, la pili nene kidogo kuliko la kwanza, la tatu nene kuliko la pili, na ole wake askari aliyekosea mpangilio. Lakini kulenga? Hapana. Kwa masafa yale, kitu pekee ulichoweza kulenga ni mji mzima. Siku ya Ijumaa Kuu, Machi 29, 1918, kombora moja liliangukia kanisa la Saint-Gervais wakati wa ibada, wakafa watu zaidi ya 80. Sisi wa Mwanza tunafahamu kidogo mambo ya kupiga kutoka mbali. Mwezi Machi 1979 ndege ya Libya ilitumwa kumsaidia Idi Amin kwa kulipua maghala yetu ya mafuta. Mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane yakaua swala.

Sasa, kwa nini mizinga mikubwa hivyo ilikuwa mzigo kwa wenyewe? Nenda sokoni utazame matikiti maji. Tikiti lenye upana mara mbili ya jingine halina uzito mara mbili. Lina uzito mara nane, kwa kuwa limeongezeka upana, kimo na kina kwa pamoja. Kombora nalo ni vivyo hivyo. Kombora la sentimeta 10 na nusu lina uzito wa kilo 17 hivi. Mtu mmoja hulipakata kama mtoto. Panua mdomo mara saba na nusu ufikie ule wa Gustav, na uzito unapanda zaidi ya mara 400. Hapo huhitaji tena mpigaji, unahitaji winchi, reli na kikosi cha wahandisi. Na ndiyo maana nasema swali la vijana wale lilikuwa na kasoro. Walikuwa wakiuliza mzinga una mdomo gani. Mzee wa miwa alikuwa akiuliza umefikaje.

Swali hilo la pili ni la zamani. Sultani Mehmet alipoutaka mji wa Konstantinopo mwaka 1453, mzinga wake mkubwa uliburutwa kutoka Edirne kwa ng'ombe wapatao 60, huku mamia ya watu wakiutengenezea njia na kuushikilia usipinduke. Wanahistoria wamemkumbuka fundi aliyeusubu, jina lake Orban. Waliouburuta hawakuandikwa.

Na sasa tuje kwetu.

Mwezi Juni 1914 iliingia Dar es Salaam meli ya vita ya Kijerumani iitwayo Königsberg, chini ya Kapteni Max Looff. Ilikuwa na mizinga 10 ya sentimeta 10 na nusu. Vita ilipoanza, ikakamata meli ya mizigo ya Waingereza upande wa Arabuni, na alfajiri ya Septemba 20, 1914 ikaishambulia manowari ya Kiingereza Pegasus ikiwa bandarini Zanzibar inatengenezwa injini. Pegasus ikazama, mabaharia zaidi ya 30 wakafa. Königsberg ikakimbilia kwenye mikoko ya Rufiji ikajificha humo miezi kadhaa. Waingereza walilazimika kuleta meli mbili zenye tumbo bapa, Severn na Mersey, zikavutwa kutoka Malta mpaka Rufiji kwa kuwa ndizo zilizoweza kuingia kwenye maji mafupi. Tarehe 11 Julai 1915, zikisaidiwa na ndege iliyokuwa ikiwaonyesha wapigaji makombora yanaangukia wapi, zikaimaliza.

Ninyi mtasema mambo yamekwisha. Hapo ndipo yanapoanza.

Meli ilikufa lakini mizinga yake ilikuwa mizima. Wajerumani wakaitoa yote 10 kutoka kwenye maji na tope la Rufiji, wakaikokota mpaka Dar es Salaam, na kule karakana zikaitengenezea magurudumu. Fikiri kidogo hapo. Mzinga wa meli haukuundwa utembee. Umefungwa kwa boliti juu ya sitaha, na unapopiga, teke lake linapokelewa na meli nzima ya tani zaidi ya 3,300. Uondoe melini, na mtutu peke yake ni zaidi ya tani moja na nusu za chuma, urefu wake kama meta nne. Ongeza kitako, ngao, magurudumu mapana ya kuuzuia usizame, na mkia mzito wa kuukita ardhini ili usirudi nyuma ukawaponda waliousimamia. Kwa Kiswahili neno ni lile lile, mzinga wa nyuki na mzinga wa vita, na ukivitazama vyote viwili vimelala utaona sababu. Tofauti ni kwamba wa nyuki mtu mmoja huutundika mtini.

Mbele ya Gustav, mizinga hii ilikuwa kama fimbo. Lakini katika nchi hii mwaka 1915 hapakuwa na mikubwa kuliko hiyo mikononi mwa Wajerumani. Ilipiga zaidi ya kilometa 12. Von Lettow-Vorbeck, kamanda wao, akaisambaza nchi nzima. Mmoja ulipelekwa Kahe, chini ya Kilimanjaro, ukalipuliwa na wenyewe Machi 1916 walipokimbia. Mingine iliwapiga Makaburu wa Jenerali van Deventer pale Kondoa Irangi. Mmoja ulipelekwa Kigoma ukafungwa juu ya meli Goetzen, hiyo hiyo tuliyoijua baadaye kwa jina la Liemba. Ulipohitajiwa kwingine ukaondolewa, na pale ulipokuwa ukawekwa mzinga wa bandia ili Wabelgiji waendelee kuogopa. Kwa maoni yangu huo wa bandia ndio uliotumika kwa gharama nafuu kuliko yote.

Na mmoja ukaja Mwanza.

Msikilizaji, tazama ramani. Reli ya kati ilikuwa imefika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Lakini reli ya Tabora hadi Mwanza haikumalizika mpaka 1928. Yaani kutoka Tabora mpaka ziwani, zaidi ya kilometa 300, hapakuwa na kitu ila njia ya miguu, mbuga na mito. Udongo wa mbuga zetu mnaujua. Kiangazi ni mgumu kama sakafu. Mvua moja ikinyesha unakuwa gundi nyeusi, na hata baiskeli unaibeba wewe badala ya kukubeba.

Nina babu yangu mzaa mama ambaye alikuwa miongoni mwa waliokamata kamba. Nilipokuwa mtoto, miaka ya 60, alikuwa mzee wa kukaa uani. Hakupata kuniambia lolote kuhusu vita. Alichokisimulia ni kamba. Kamba ndefu mbili, watu pande zote, na mtu mmoja wa kupuliza filimbi. Filimbi ya kwanza mnakaza, ya pili mnavuta, ya tatu mnaacha, na wengine nyuma wanatia magogo kwenye magurudumu upesi kabla chuma hakijarudi. Alikuwa na alama begani iliyong'aa kama ngozi ya ngoma. Nilimwuliza, "Babu, mlikuwa mnampelekea nani?" Akasema hakuambiwa. Aliambiwa vuta. Alimtaja mwenzake mmoja aliyekuwa jirani yake kwenye kamba, ambaye aliharisha damu siku tatu kisha asubuhi moja hakuamka. Nafasi yake ikajazwa na mtu mwingine kabla jua halijapanda. Jina la huyo mwenzake babu alinitajia. Nilikuwa mtoto, nikalisahau, na jambo hilo linanisumbua mpaka leo.

Mzinga wenyewe, hata hivyo, ulikuwa nusu tu ya kazi. Mzinga hula. Kombora lake na baruti yake kwa pamoja ni mzigo kamili wa mpagazi mmoja. Ukitaka kupiga mara 100, unahitaji watu 100 kichwani mwao. Na watu hao nao hula. Hebu tufanye hesabu ya shule ya msingi. Mpagazi anabeba kilo 25 za unga. Anakula kilo moja kwa siku. Akitembea kilometa 20 kwa siku, kutoka Tabora mpaka Mwanza ni siku 15 na zaidi. Akifika, zaidi ya nusu ya mzigo ameshaula mwenyewe, na kilichobaki hakitoshi hata kumrudisha kwao. Kwa hiyo ama anabebewa chakula na mpagazi mwingine, ambaye naye anakula, ama chakula kinachukuliwa kwenye maghala ya vijiji vya njiani. Kote mizigo ya vita ilikopita katika nchi hii ilikuwa hivyo hivyo, kwa majeshi yote, na ndivyo nchi isiyokuwa na ugomvi na Paris wala London ilivyolala njaa.

Na Waingereza nao walikuwa na yao. Usidhani upande mmoja tu ndio uliokuwa na kamba. Mizinga ya Pegasus, ile meli iliyozama Zanzibar, nayo iliopolewa ikatiwa magurudumu ikatumika nchi kavu. Majeshi yao yalikusanya wapagazi kutoka Kenya, Uganda, Nyasaland na kwetu, mamia ya maelfu, chini ya kikosi kilichoitwa Carrier Corps. Jina hilo likasagwa na ndimi zetu likawa Kariakoo. Anayekwenda kununua viatu Kariakoo, Dar es Salaam, anatembea juu ya kambi ya wapagazi. Hesabu za Waingereza wenyewe zilikiri vifo vya wapagazi zaidi ya 40,000, na wanahistoria waliozichambua wanaona idadi halisi ni zaidi ya maradufu. Wengi hawakuguswa na risasi. Waliuawa na kuhara, malaria, kichomi na njaa. Wa upande wa Wajerumani, kina babu, hawakuhesabiwa kabisa.

Sasa, mzinga wa Mwanza ulifanya nini baada ya jasho lote hilo? Ulielekezwa ziwani. Waingereza walikuwa na meli zao za ziwani, kina Winifred na Nyanza, walizokuwa wakizitia mizinga na kuzipeleka kila pwani. Juni 1915 walikuwa wameshuka Bukoba wakaharibu mtambo wa simu ya upepo, wakarudi. Mwezi Juni 1916 wakachukua Ukerewe. Kila mtu alijua zamu ya Mwanza inakuja. Na mzinga unaopiga kilometa 12 ukiwa umekaa kwenye mawe yetu haya, si kitu cha kuchezea kwa meli ya abiria iliyofungwa bunduki.

Ila mzinga una mdomo mmoja, na hutazama upande mmoja. Brigedia Jenerali Crewe hakuja mbele ya mdomo ule. Mwezi Julai 1916 aliteremsha askari wake ufukweni mashariki ya mji, mbali, wakaja kwa miguu nchi kavu. Kuugeuza mzinga wa tani kadhaa uliokitwa kutazama maji, ukautazamishe vilima vya nyuma yako, na uwavute tena watu mamia kwa kamba wakati adui yuko njiani, hakuna aliyeweza. Wajerumani wakaondoka kuelekea kusini. Tarehe 14 Julai mji ukachukuliwa. Mzinga waliuacha.

Miezi miwili baadaye, Septemba 19, Wabelgiji wakaingia Tabora, na kote ulikopitishwa mzinga ule kukawa mikononi mwa wengine. Kufikia mwisho wa 1917 mizinga yote 10 ya Königsberg ilikuwa imelipuliwa au imetekwa.

Mitatu ingalipo. Mmoja uko Pretoria, mbele ya majengo ya serikali. Mmoja uko Mombasa, Fort Jesus, na jirani yake pamewekwa mzinga wa Pegasus. Wawili waliopigana Zanzibar sasa wanaota jua pamoja. Na wa tatu uko Jinja, Uganda, ng'ambo ya ziwa letu hili hili.

Juzi nilipita tena Usagara. Mzee wa miwa alikuwepo. Nikamwambia, "Shikamoo mzee, ubishi ule nimeuchunguza, na wewe ndiye uliyekuwa karibu na ukweli." Akaitika marahaba, akanikatia muwa, akaniambia kwamba yeye habari ile aliipata kwa baba yake, na baba yake hakuuona mzinga wenyewe akiwa Mwanza. Aliuona ukipita kijijini kwao, na kaka yake alikuwa kwenye kamba. Nikamwuliza jina la huyo kaka. Akalitaja, nami mara hii nimeliandika kwenye daftari.

Daftari lina jina moja. Kama nyumbani kwenu kuna mzee aliyesimuliwa habari za wapagazi wa vita ile kati ya Tabora na ziwa, niandikie kwa kupitia gazeti hili. Si lazima hadithi iwe ndefu. Jina la mtu na kijiji alichotoka vitatosha.